Wifi Ana Uvimbe: Je, Tungoje Dawa ya Vijidudu?

Mwezi huu safu yetu inajibu swali la dada yetu mmoja wa Madimba, kule Mtwara, kwenye njia iendayo Msimbati. Wifi yake ana uvimbe katika titi. Ni mgumu, hauumi, naye amekaa nao tangu msimu wa korosho uliopita. Nyumbani kwao wamesikia kwamba wataalamu wa nchi za mbali wanatengeneza dawa mpya ya saratani kutokana na vifuko vidogo sana vinavyotolewa na bakteria, na kwamba dawa hiyo haikati, haichomi, wala haing'oi nywele. Basi kikao cha ukoo kimegawanyika. Wengine wanasema mgonjwa apelekwe hospitali sasa hivi. Wengine, pamoja na mjomba mkubwa, wanasema asubiri dawa hiyo, maana mwanamke akikatwa titi amekwisha. Dada yetu anauliza mambo mawili: habari hiyo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, wangoje?

Nitalijibu la pili kwanza, kwa sababu ndilo lenye haraka. Msingoje. Hata wiki moja msingoje. Uvimbe wa titi ukiwahiwa ungali mdogo unatibika, na mama hurudi nyumbani kulea wanawe. Ukiachwa ukapasuka ngozi au ukahamia kwenye mifupa na ini, kazi ya daktari huwa ngumu zaidi. Atakayesoma sehemu hii peke yake na kufunga gazeti ameshapata lile kubwa.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Habari hiyo si uzushi. Ina ukweli ndani yake, na ni ukweli wa kupendeza. Lakini ni ukweli ambao bado uko jikoni, haujafika mezani. Tuutazame pamoja, ili siku kikao cha ukoo kikikutana tena, mama wa nyumba awe na la kusema.

Kovu lililo begani mwa mwanao

Mshike mtoto wako umtazame bega. Utaona kovu dogo la mviringo. Hiyo ni alama ya chanjo ya BCG, anayopewa mtoto mara tu anapozaliwa ili kumkinga na kifua kikuu. Akina mama wengi wanaijua chanjo hiyo kwa sababu ya kidonda chake kinachotunga usaha na kupona chenyewe. Lakini wachache wanajua kwamba ndani ya chanjo ile mna kijidudu kilicho hai.

Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walikifuga kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe katika mji wa Lille kuanzia mwaka 1908. Walikilisha vipande vya viazi mbatata vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe. Kila baada ya majuma machache walikihamishia kwenye viazi vipya. Wakafanya hivyo zaidi ya mara 200, kwa miaka 13, mpaka kijidudu kikapoteza ukali wake. Mwaka 1921, huko Paris, kikapewa kwa mara ya kwanza mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa amefariki kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kujifungua. Mtoto yule alikua salama.

Angalieni basi jambo lenyewe. Kijidudu ni adui, lakini mwanadamu akikitoa ukali anaweza kukifanya mwalimu wa kuwafundisha askari wa mwili. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Wakishamwona adui aliyefungwa mikono, siku akija yule mwenye silaha wanamtambua tangu mlangoni.

Mwaka 1976 daktari mmoja wa Kanada, Alvaro Morales, alitangaza kwamba amewatibu wagonjwa 9 wenye saratani ya kibofu cha mkojo kwa BCG hiyo hiyo. Hakuwachoma sindano tu. Aliimimina dawa ndani ya kibofu kwa mpira mwembamba, mara moja kwa juma, kwa majuma 6. Askari wa mwili walipokimbilia kibofuni kumfukuza kijidudu, waliishambulia na saratani iliyokuwa pale. Marekani iliidhinisha matibabu hayo mwaka 1990, na mpaka leo hospitali nyingi duniani huyatumia kwa saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kijidudu kinaweza kutumwa kupigana na saratani, usicheke. Kimekwisha kutumwa, na binamu yake amelala begani mwa mwanao.

Hapa nina neno kwa akina mama wa pwani ya kusini na bonde la Ruvuma. Huko kwetu kichocho ni kingi, hasa kwa watoto wanaooga madimbwini na akina mama wanaoshinda ndani ya maji ya mashamba ya mpunga. Kichocho cha mkojo kikikaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa kinaweza kuzaa saratani ya kibofu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikiingiza katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994. Tena saratani itokanayo na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, siyo ile ambayo BCG imezoea kuitibu. Basi usiseme kwamba mtoto anayekojoa damu anapevuka tu. Mpeleke zahanati apewe vidonge vya prazikwanteli. Hivyo vidonge ni nafuu, na vinakinga jambo ambalo baadaye halina dawa rahisi.

Daktari wa New York na binti yake

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko BCG. Mwaka 1890 daktari kijana wa upasuaji wa New York, William Coley, alimpokea msichana wa miaka 17 mwenye saratani iliyoanzia mkononi. Alimkata mkono chini ya kiwiko, lakini ugonjwa ulikwisha kusambaa, na Januari 1891 msichana akafariki. Coley hakuweza kulisahau jambo lile. Akaingia katika kumbukumbu za hospitali kutafuta kama yuko mtu yeyote aliyepata kupona ugonjwa ule.

Akamkuta mmoja, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliyekuwa na uvimbe shingoni ulioshindikana kwa visu mara kadhaa. Mtu yule alipatwa na ugonjwa wa ngozi uitwao erisipela, unaoletwa na bakteria, akachemka homa kali, na homa ilipopoa uvimbe ulikuwa umeyeyuka. Coley alimtafuta mitaani, akamkuta yu hai baada ya miaka 7.

Akaanza kuwachoma wagonjwa wake bakteria hao makusudi. Wengine walipata nafuu kubwa. Lakini wengine waliuawa na bakteria wenyewe, kabla saratani haijawaua. Hapo akabadili njia, akatumia bakteria waliokwisha kuuawa. Kwa miaka mingi dawa yake ilijulikana kama sumu ya Coley. Ila haikuwa na kipimo kimoja. Chupa hii ilikuwa kali, ile ilikuwa dhaifu, na mgonjwa huyu hupona ilhali yule hufa, bila mtu kujua sababu. Mionzi ilipokuja, na baadaye dawa za saratani za kuingizwa mshipani, watu wakaiacha.

Aliyeuokoa urithi ule ni mwanamke, tena hakuwa daktari. Binti yake, Helen Coley Nauts, alikaa na makaratasi ya marehemu baba yake, akayapanga habari za wagonjwa mmoja mmoja, na mwaka 1953 akashiriki kuanzisha taasisi ya utafiti wa kinga ya mwili dhidi ya saratani huko New York. Wakati ule wakubwa wengi walimdharau. Leo matibabu ya kuamsha kinga ya mwili ni moja ya nguzo za tiba ya saratani duniani.

Vifuko hivyo ni nini?

Sasa tufike kwenye vile vifuko vyenyewe. Bakteria akiishi huchuruzika kama chungu cha wali kinachotoa povu pembeni ya kifuniko. Sehemu ndogo ya ngozi yake ya nje huvimba, hujikunja, kisha hukatika na kwenda zake. Kile kilichokatika ni kifuko kitupu cha mviringo, chenye ngozi ya bakteria kwa nje na vitu vyake vichache kwa ndani. Ni kidogo kupita kufikiri. Ukivipanga vifuko 10,000 vya kadiri mstari mmoja, urefu wake haufiki zaidi ya milimita 1.

Kwa nini wataalamu wavipende? Sababu ya kwanza ni kwamba kifuko si kiumbe hai. Bakteria wa Coley waliweza kuzaana ndani ya mgonjwa na kumshinda. Kifuko hakizai. Ukiingiza kiasi fulani, hakitaongezeka.

Sababu ya pili ni kwamba kimevaa nguo za adui. Askari wa mwili wakikiona wanapiga mbiu, kwa kuwa ngozi ile wanaijua ni ya bakteria.

Sababu ya tatu ni udogo wake. Uvimbe wa saratani hujijengea mishipa ya damu haraka haraka na ovyo, kama mtu anayesuka dema bila kupima, nafasi zikawa kubwa hapa na ndogo pale. Vifuko vidogo vinavyopita salama katika mishipa mizima huvuja vikifika kwenye mishipa ile mibovu, vikabaki ndani ya uvimbe.

Sababu ya nne ni kwamba kifuko ni mfuko, na mfuko hutiwa kitu. Mtaalamu anaweza kukipakia dawa, au kukishonea nje alama ya kukiongoza kiende wapi.

Tena si kitu kigeni mwilini mwa binadamu. Vifuko vya bakteria wa homa ya uti wa mgongo vimetumika kama chanjo. Kuba ilivitumia tangu miaka ya 1980. New Zealand ilichanja watoto na vijana zaidi ya milioni 1 kwa chanjo ya namna hiyo katika kampeni iliyoanza mwaka 2004. Ulaya iliidhinisha chanjo yenye vifuko hivyo ndani yake mwaka 2013. Ila hiyo ilikuwa kinga ya homa ya uti wa mgongo, siyo tiba ya saratani. Tusichanganye.

Korosho na muhogo

Ipo hatari moja, na akina mama wa Madimba wataielewa upesi kuliko mtu mwingine. Aliyepata kubangua korosho anajua kwamba tunda tamu limefungwa ndani ya ganda lenye mafuta yanayounguza mikono. Ngozi ya bakteria ni vivyo hivyo. Ndani ya ngozi ile mna sumu inayowaamsha askari wa mwili, na ikizidi huwatia wazimu. Homa hupanda, presha ya damu huanguka, na mgonjwa anaweza kufa. Ndiyo sumu iliyowatetemesha wagonjwa wa Coley.

Ziko njia mbili za kushughulika na sumu. Muhogo mchungu tunaumenya, tunauloweka, tunauanika ukawa makopa, na sumu inatoka. Hiyo ni kazi ya baada ya kuvuna. Njia ya pili ni kupanda mbegu ya muhogo mtamu, ambao tangu shambani haukujaa sumu hiyo. Wataalamu wanaobuni vifuko vya saratani wamefuata hasa njia ya pili. Wameingia katika jeni za kijidudu cha tumboni kiitwacho E. coli, ambacho kila mmoja wetu anacho, wakaondoa jeni moja inayotia makali ile sumu ya ngozi. Kijidudu kikaendelea kuishi na kutoa vifuko, lakini vifuko vyenye ukali mdogo sana. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba vimeundwa upya.

Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kazi ya namna hiyo inayogusa hasa swali la dada yetu. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya titi ana alama nyingi mno iitwayo HER2 juu ya chembe za uvimbe wake. Watafiti wale walikifanya kijidudu kitoe vifuko vyenye kiungo cha kuishika alama ile, wakavipakia kitu cha kuizuia chembe isigawanyike. Wakavichoma panya wenye uvimbe, na uvimbe ukapungua kukua.

Mwaka 2017 watafiti wengine wa nchi hiyo hiyo walifanya jambo la kushangaza zaidi. Hawakupakia dawa yoyote. Walitumia vifuko vitupu vilivyopunguzwa ukali, wakavichoma panya wenye saratani ya utumbo. Vifuko vilikusanyika katika uvimbe, askari wa mwili wakatoa kemikali iitwayo interferoni gama, na uvimbe ukatoweka. Panya waliokosa kemikali ile tangu kuzaliwa hawakupona. Kwa hiyo ilijulikana wazi kwamba anayeua saratani si kifuko. Anayeua ni kinga ya mwili iliyoamshwa na kifuko.

Panya si wifi

Wapendwa, mmeona neno lililorudiwa hapo juu. Panya. Kazi zote mbili nilizozitaja zilifanywa kwa panya.

Panya wa maabara hupewa uvimbe na mtafiti mwenyewe, siku inayojulikana, mahali panapojulikana. Wifi yetu uvimbe wake umekua miezi mingi na umejifunza kujificha. Mishipa ya uvimbe wa panya huvuja kuliko ya binadamu. Panya huvumilia sumu ya bakteria kwa kiasi ambacho kingemlaza mtu kitandani. Tena iko ile kazi iliyomshinda Coley. Vifuko hutolewa na viumbe hai, na kila pishi hutofautiana kidogo na jingine. Kabla ya kuingia mwilini mwa mtu, lazima kila chupa ipimwe na ifanane na mwenzake. Baada ya hapo huja majaribio kwa watu wachache ili kuona usalama, halafu kwa wengi ili kuona kama inaponya. Safari hiyo huchukua miaka mingi, na dawa nyingi zilizowaponya panya hufia njiani.

Ndiyo maana nasema iko jikoni. Harufu tunaisikia na tunaifurahia. Lakini mtoto mwenye njaa humwambii angoje chungu ambacho hujui kama kitaiva mwaka gani. Unampa kilichopo.

Basi akija mtu Madimba, Mtwara mjini, au popote, akiwa na chupa, kidonge au unga, akasema ndiyo ile dawa mpya ya vijidudu, mjue kwamba anawaibia. Muulizeni maswali matatu. Dawa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Nani ameupima uvimbe wa mgonjwa huyu kwa darubini akajua ni wa aina gani? Na kwa nini dawa hii haiko hospitali? Mwenye dawa ya kweli hajibu kwa hasira. Kadhalika, kumwombea mgonjwa hakumzuii mtu kumpeleka kwa daktari. Mambo hayo mawili hayajapata kugombana.

Kitu kilichoiva tayari

Dada yetu, hatua zenu ni hizi. Mpeleke wifi kituo cha afya kilicho karibu, na kama hakina uwezo muombe barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, hapo hapo Mtwara. Daktari atampapasa, atampiga picha, kisha atachukua kinyama kidogo cha uvimbe kwa sindano ili kipimwe. Msiogope kipimo hicho. Wako wanaosema kuuchoma uvimbe kunausambaza. Maneno hayo yamewaua wengi. Bila kinyama, daktari ni kama mtu anayelenga gizani.

Huenda ikaonekana si saratani. Uvimbe mwingi wa titi, hasa kwa wanawake vijana, si saratani. Na ikiwa ni saratani, huenda akapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, au Muhimbili. Safari ni zaidi ya kilometa 500, lakini wazee wanakumbuka jinsi wagonjwa wa kusini walivyokuwa wakingoja pantoni Rufiji kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Njia sasa ipo.

Kuhusu kukatwa titi, si kila mgonjwa hukatwa lote. Akiwahi, mara nyingine daktari huondoa uvimbe tu, kisha mionzi humalizia. Na kama ile alama ya HER2 ipo, dawa ya kuishika inapatikana duniani tangu mwaka 1998. Inaitwa trastuzumabu, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Muulizeni daktari kama yafaa kwake na kama inapatikana. Ama nywele zinazong'oka kwa sababu ya dawa, zinaota tena.

Fedha ni tatizo, nalo lisemwe mapema. Kaeni na mume wake, kaka zake na wajomba, mpange nani atauza korosho, nani atalea watoto, nani atafuatana na mgonjwa. Kila hospitali kubwa ina afisa ustawi wa jamii. Familia isiyo na uwezo imwone kabla ya kukata tamaa. Na ninyi akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, huyu ni mwenzenu. Nauli ya watu wawili ni kitu ambacho kikundi kinaweza.

Neno kwa mjomba mkubwa. Mwanamke si titi lake. Mwenye titi moja anapika, analima, analea, na anazikwa na wajukuu wake badala ya kuzikwa na mama yake.

Sisi wenyewe na mabinti zetu

Nisingependa tumalize bila kujitazama sisi tunaosoma. Katika Tanzania saratani inayowashika na kuwaua wanawake wengi zaidi ni ya mlango wa kizazi. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka mmoja. Hao ni akina mama zaidi ya 17 kila siku. Wengi wao hufika hospitali wamechelewa, na hali ugonjwa huu huchukua miaka mingi kupevuka, ukingoja mtu autazame.

Kuutazama si kazi ya mitambo mikubwa. Muuguzi aliyefundishwa hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki, hungoja dakika moja, na pale palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Mara nyingi huweza kupatibu siku hiyo hiyo kwa kupagandisha kwa baridi au kupachoma kwa joto, mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Usijaribu mwenyewe nyumbani, maana siki ya jikoni haina kipimo na huwezi kujiona. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 apimwe, hata kama hajisikii chochote. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema na apimwe mara nyingi zaidi. Na yeyote anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma, asisubiri hata mwezi.

Kwa mabinti zetu iko chanjo. Saratani hii huletwa na virusi vya HPV, na Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018. Tangu Aprili 2024 dozi moja inatosha kwa msichana wa miaka 9 hadi 14. Wako wanaonong'ona kwamba chanjo hii inafunga uzazi. Si kweli. Inazuia ugonjwa unaomfanya mwanamke ang'olewe kizazi. Karatasi ya shule ikija, mama, itie saini.

Na titi, kila mwezi hedhi ikikoma, jipapase ukiwa unaoga. Tafuta uvimbe, kovu lililojitokeza bila jeraha, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu. Ukikuta kitu, mwambie mumeo usiku huo, na asubuhi anzeni safari.

Vifuko vya bakteria tutaendelea kuvifuatilia katika safu hii. Siku vikiiva, nitakuwa wa kwanza kuwaiteni mezani. Lakini wapendwa, natamani siku hiyo wifi yetu wa Madimba naye awe amekaa pale, mzima, akiwachekesha wajukuu. Ili awepo, aondoke nyumbani juma hili.

Tukutane mwezi ujao.